Msitu Una Sakafu: Barua ya Wazi kwa Wasimamizi wa Misitu ya Unguja na Mafia

Kwa Waheshimiwa wasimamizi wa misitu na hifadhi za Unguja na Mafia, pamoja na viongozi wa vijiji na shehia zinazopakana nayo, na waongoza watalii wanaopata riziki ndani yake,



Barua hii inaletwa kwenu kwa ajili ya mnyama ambaye hajawahi kumsumbua mtu. Hali mihogo ya mkulima, haingii stoo, hakimbii juu ya mabati usiku. Uzito wake hauzidi sana nusu kilo. Miguu yake ya nyuma ni mirefu na myembamba, na pua yake imechongoka, inapinda na kunyooka mfano wa mkonga mdogo. Jina lake ni sange. Wapo wanaomwita njule.

Unguja inao wa namna mbili. Yupo mkubwa, mwenye wekundu wa kutu kuanzia usoni hadi mabegani, wekundu unaozidi kukolea kadiri unavyorudi nyuma mpaka kiunoni anakuwa mweusi ti. Yupo na mdogo zaidi, wa rangi ya mchanga na hudhurungi, mwenye vidole vinne katika kila mguu wa nyuma, ambaye akishtuka hupiga ngoma kwa miguu juu ya ardhi. Wote wawili ni wenyeji wa visiwa hivi. Wote wawili huishi kwa kula wadudu. Na wote wawili hupitwa na maelfu ya watu kila mwaka pasipo mtu hata mmoja kuinamisha shingo.

Waheshimiwa, haki isemwe. Barabara ilipokuwa ikiwaua kima punju pale Jozani, matuta yaliwekwa na vifo vikapungua. Mwaka 2004 eneo la Jozani na Ghuba ya Chwaka, la kilomita za mraba zipatazo 50, lilitangazwa kuwa hifadhi ya taifa, na vijiji vinavyolizunguka vikawa vinapata fungu katika fedha za watalii. Kazi hiyo inaonekana. Kinacholalamikiwa hapa ni kwamba uhifadhi huo una shingo ngumu: unatazama juu tu. Umejua kuhesabu mikia inayoning'inia mitini, lakini sakafu ya msitu, ambako sange anakula, analala na kuzaa, umeiacha kama uwanja wa kupitia.

Malalamiko ni sita, na kila moja limekuja na ombi lake.

1. Sange anaitwa panya, na mwenye jina la panya hatetewi na mtu

Mtoto wa skuli akionyeshwa picha ya sange atasema ni panya mwenye pua ndefu. Mtu mzima naye atasema hivyo hivyo, na pengine mwongoza watalii aliyekosa neno. Kosa hili lina gharama, kwa sababu panya ni mnyama ambaye watu hununua sumu ili afe.

Wataalamu nao walikosea kwa muda mrefu, basi hakuna wa kuchekwa. Kwa zaidi ya karne moja sange waliwekwa kapu moja na virukanjia na wala wadudu wengine wadogo, kwa kuwa wanafanana umbo na chakula. Mwishoni mwa miaka ya 1990 vinasaba vilipochunguzwa, kapu likapasuka. Ilidhihirika kuwa sange ni wa ukoo wa kale wa Afrika ambao ndani yake wamo tembo, nguva, pimbi, muhanga, fuko-dhahabu, na tenreki wa Madagaska. Pelele, yule pimbi wa mitini anayelia usiku Unguja, ni binamu wa sange. Nguva anayelisha nyasi za bahari kati ya Mafia na delta ya Rufiji ni binamu yake pia. Ni visiwa vichache duniani ambavyo mtu anaweza kuwakuta jamaa wa tembo mtini, majini na kwenye majani makavu, tena bila tembo mwenyewe kuwapo.

Kuna jambo jingine la kutia haya kidogo. Waingereza walikuwa wakimwita mnyama huyu kwa jina la kuungaunga, la kirukanjia na la tembo. Mwaka 1997 Jonathan Kingdon, mtaalamu wa wanyama aliyezaliwa Tabora, alipendekeza waachane nalo na kumwita sengi, jina lililochotwa katika lugha za Kibantu. Sayansi ya ulimwengu ikalikubali. Leo mtafiti wa Marekani husema sengi bila kigugumizi, ilhali mwenye lugha yenye neno sange anasema panya.

Ombi: kila lango la msitu wa hifadhi, Unguja na Mafia, liwe na ubao wa Kiswahili wenye picha za sange wa hapo. Jina la Kiswahili litangulie, la Kilatini lifuate. Na katika mafunzo ya waongoza watalii, sange apewe somo lake kamili, asitajwe kwa kupitia tu mwishoni mwa orodha.

2. Tandiko la majani linachukuliwa kuwa uchafu

Msomaji ambaye hajui maisha ya sange mkubwa ataona ombi la kulinda majani makavu kuwa ni mzaha. Basi maisha yenyewe ni haya.

Chakula chake kimo ndani ya majani. Huingiza pua chini yake, akanusa, akakwangua udongo kwa kucha za mbele, kisha akatoa ulimi na kuokota mbawakawa, mchwa, sisimizi, buibui, tandu na minyoo. Kitanda chake kimo humo humo. Hufukua kishimo kifupi mfano wa bakuli, hukitandika majani, halafu hujifunika rundo jingine mpaka mpita njia asione ila chungu ya majani kama chungu nyingine yoyote.

Mengi ya haya yanajulikana kwa sababu ya mtu mmoja aliyekuwa na subira. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 Mmarekani Galen Rathbun alikwenda Gedi, ule mji wa kale wa Waswahili uliobaki magofu karibu na Malindi ya Kenya, akawafuatilia sange wenye makalio ya dhahabu, ndugu wa sange mkubwa wa hapa, waliokuwa wakiishi katikati ya kuta na misikiti iliyoporomoka. Aliwakuta wanaishi wawili wawili, dume na jike, kila jozi na himaya yake ya wastani wa hekta 1.7. Hawaongozani, kila mmoja hutafuta riziki peke yake, lakini mpaka wanaulinda pamoja: dume hufukuza madume, jike hufukuza majike. Aligundua kwamba viota hujengwa alfajiri, wakati majani yana umande na hayapigi kelele za kumwita adui. Akimwona adui, sange hupiga mkia juu ya majani makavu, chakacha, chakacha, kumjulisha kuwa ameshaonekana na shambulio la kuvizia limekwisha. Na jike huzaa mtoto mmoja tu baada ya mimba ya siku kama 42. Panya huzaa kundi zima.

Kwa hiyo majani yale ni ghala, ni chumba cha kulala, na ni kengele ya mlangoni. Yakifagiliwa ili njia ipendeze kwenye picha, yakizolewa kwenda kurutubisha bustani, au yakiungua kwa moto ulioponyoka shambani kwa mtu, miti inabaki imesimama na ripoti inaandika kuwa msitu uko salama. Sange ameshafilisika.

Ombi: uzoaji wa majani ndani ya misitu ya hifadhi upigwe marufuku kwa maandishi, na njia za wageni zifagiliwe kwa upana wa mguu wa mtu, si kwa upana wa gari. Mashamba yanayopakana na msitu yawe na mkuza wa kuzuia moto, unaosafishwa kabla ya kiangazi kwa ushirikiano wa kijiji na wasimamizi, na wanakijiji walipwe kwa kazi hiyo.

3. Kitanzi hakichagui, wala mbwa

Usasi ni mila ya kale Unguja. Wasasi huenda maweni, kwenye vichaka vya juu ya jiwe la matumbawe, kwa makundi, na mbwa wao, na nyavu zao, na wanaujua msitu kuliko mtu yeyote aliyeusomea. Barua hii haiwatukani. Lakini kitanzi cha waya kilichotegwa kichakani kwa ajili ya paa hakiulizi aliyeingia ni nani. Katika msitu wa Arabuko-Sokoke, Kenya, sange wenye makalio ya dhahabu wamekuwa wakinaswa kwa mitego na kuliwa, nao leo wamo katika orodha ya wanyama walio hatarini kutoweka.

Mbwa ni habari kubwa zaidi. Nendeni kwa fikra mpaka Karibi, kwenye kisiwa cha Hispaniola ambacho Haiti na Jamhuri ya Dominika wamegawana. Huko anaishi mla wadudu mwingine wa visiwani, solenodoni, mwenye pua ndefu na jino la chini lenye mfereji wa kupitishia sumu, jambo la ajabu kwa mnyama anyonyeshaye. Ukoo wake ulijitenga na wanyama wengine zaidi ya miaka milioni 70 iliyopita, enzi za dinosaria. Amevuka misukosuko yote hiyo, lakini mbwa anamshinda. Mbwa wa vijijini wanaozurura msituni humuua bila hata kumla. Ndugu yake wa Cuba alidhaniwa ametoweka, akapatikana tena katikati ya miaka ya 1970, akapotea machoni, kisha mmoja akakamatwa mwaka 2003.

Inafaa kujua kuwa solenodoni huyo wa Cuba alipewa jina la kisayansi mwaka 1861 na Mjerumani Wilhelm Peters. Ni Peters huyo huyo aliyesafiri Msumbiji katika miaka ya 1840 na kuwa wa kwanza kuwaeleza wanasayansi wa Ulaya habari za sange wa vidole vinne na za jamii ya sange wakubwa. Sange mkubwa wa pwani yetu amebeba jina la Peters mpaka leo. Mtu mmoja aliwaandika wala wadudu wa bahari mbili. Wa bahari ya kule wanauawa na mbwa, na wa huku wanaishi jirani na mbwa wale wale.

Ombi: vijana wa vijiji vinavyopakana na msitu waajiriwe kwa zamu kuondoa vitanzi, na idadi ya vitanzi vilivyoondolewa ibandikwe kila mwezi kwenye ubao wa kijiji, mahali ambapo hata mtegaji ataisoma. Kuwe na kikao cha wazi na wasasi, wapewe heshima yao, na mipaka ya maeneo ambayo mbwa hawaingii kabisa ikubaliwe hapo kwa mikono yao wenyewe.

4. Hesabu inayomjumuisha sange wa kisiwani na wa bara inamficha

Daraja la hatari la kimataifa kwa kawaida hutolewa kwa spishi nzima. Sange mkubwa wa pwani anapatikana pia bara, Tanzania na Kenya, kwa hiyo hali ya wale wa Usambara inaweza kuifunika hali ya wale wa Unguja. Lakini sange wa kisiwani ametenganishwa na bara tangu bahari ilipopanda mwishoni mwa zama za barafu, miaka kama 10,000 iliyopita, na wataalamu wanamtambua kuwa nususpishi ya peke yake. Mwaka 1912 alipewa jina la Aders, mwanabiolojia wa serikali ya Zanzibar ya zamani, yule yule ambaye jina lake limebebwa na paa nunga. Paa nunga ana mradi na wafadhili. Wajina wake hana.

Wasimamizi watasema sange haonekani kwa urahisi, basi atahesabiwaje. Historia ya karibuni inajibu. Mwaka 2005 kamera zilizotegwa na kundi la Francesco Rovero katika milima ya Udzungwa zilinasa picha ya sange wa uso wa kijivu ambaye sayansi haikuwa na habari zake. Mwaka 2008 alitangazwa rasmi kuwa spishi mpya, mwenye uzito wa gramu kama 700, mkubwa kuliko sange wote waliojulikana. Mnyama wa kiasi hicho alikuwa amekaa katika msitu wa Tanzania hadi karne ya 21 bila kuandikwa popote.

Mfano wa pili ni wa Jibuti. Sange wa Kisomali alikuwa hajaripotiwa na wanasayansi kwa takriban miaka 50. Mtafiti wa Jibuti, Houssein Rayaleh, alikuwa na hakika kuwa yupo, na wenyeji waliulizwa mahali alipoonekana. Mitego zaidi ya 1,000 ya kunasa bila kudhuru ikawekwa, chambo kikiwa siagi ya karanga, shayiri na hamira. Mwaka 2020 dunia ikatangaziwa kuwa amepatikana. Kwa wenyeji hakuwa amepotea.

Ombi: ufanyike msako wa sange kwa kamera katika misitu yote mikubwa ya Unguja na Mafia, na wanaozitega ziwe timu za wanakijiji, wasasi wakiwa walimu wa mahali pa kutega. Matokeo yasomwe kwanza kwa Kiswahili mbele ya vijiji husika, ndipo yapelekwe kwenye majarida ya nje. Na kila baada ya miaka mitano hesabu irudiwe kwa njia ile ile, ili namba mbili ziweze kulinganishwa.

5. Maweni yanaliwa kipande kwa kipande

Jozani ni sehemu ndogo ya Unguja, kisiwa chenye kilomita za mraba zaidi ya 1,600. Nje ya mitondoo na mikindu ya Jozani, makazi makubwa ya sange ni maweni: vichaka vilivyoota juu ya jiwe la matumbawe, vikavu, vyenye miiba, visivyopendeza kwenye picha ya postikadi. Kwa kuwa havina sura ya msitu, havihesabiwi kuwa msitu. Hukatwa kuni na makaa, huzungushiwa ukuta, hugeuzwa viwanja vya hoteli.

Na huchomwa chokaa. Anayejua kazi hiyo anaelewa hesabu yake: magogo hupangwa tabaka juu ya tabaka, mawe ya matumbawe hurundikwa juu, na moto huwaka mpaka jiwe liwe chokaa. Chokaa hiyo ndiyo iliyosimamisha nyumba za Mji Mkongwe, na ndiyo iliyopigwa kuwa sakafu zake. Hakuna anayetaka mafundi walale njaa. Lakini sakafu ya nyumba inapojengwa kwa kuiteketeza sakafu ya msitu, na jambo hilo halina kibali, kiasi, wala mahali palipotengwa, hapo lawama ni ya msimamizi kabla ya kuwa ya mchomaji.

Sange hatembei uwanjani. Anahitaji kichaka juu ya kichwa chake na majani chini ya miguu yake. Jozi moja ikibaki kwenye kipande cha maweni kilichozungukwa na mashamba na kuta, watoto wao hawana pa kwenda kutafuta himaya na mwenzi. Kipande kitakaa na sange miaka michache, kisha kitakaa bila sange, na hakuna atakayejua ni mwaka gani jambo hilo lilitokea.

Ombi: itolewe ramani moja ya wazi inayoonyesha vipande vya maweni vilivyobaki na njia za vichaka zinazoviunganisha na Jozani, Kiwengwa na misitu mingine. Njia hizo ziwekwe katika mipango ya ardhi kabla ya kiwanja kingine kutolewa kando yake. Tathmini ya mazingira ya hoteli mpya iulizwe swali la moja kwa moja juu ya sange. Wachoma chokaa na makaa watengewe mashamba ya miti ya kukua haraka, na mashamba hayo yapandwe kabla ya makatazo kuanza, si baadaye.

6. Visiwa vingine vimeshapoteza, nasi tunavitazama kama hadithi

Kusini mwa Java, ndani ya Bahari hii hii ya Hindi, kuna Kisiwa cha Krismasi kilicho chini ya Australia. Mwishoni mwa karne ya 19 kilikuwa na kirukanjia wake, mla wadudu asiyepatikana kwingine, naye alikuwa tele kiasi kwamba sauti yake nyembamba ilisikika usiku kucha msituni. Machimbo ya fosfeti yakaanza, meli zikaja, na panya weusi wakashuka nazo pamoja na vimelea vyao. Kufikia mwaka 1908 kirukanjia alidhaniwa kuwa ameshatoweka.

Kumbe alikuwa hajaisha. Mwaka 1958 wawili walionekana msitu ulipokuwa ukisafishwa kupisha machimbo. Katikati ya miaka ya 1980 wawili wengine walipatikana, jike na dume. Wakafa. Tangu hapo kimya, na mwaka 2025 Shirika la Kimataifa la Kuhifadhi Maumbile, IUCN, likamtangaza rasmi kuwa ametoweka duniani. Kati ya kelele za usiku kucha na tangazo hilo ilipita miaka kama 125, na mara mbili katika muda huo ilitolewa nafasi ya kushtuka.

Karibi ilikuwa na jamii nzima ya wala wadudu wadogo waitwao nesofonte, katika Cuba, Hispaniola, Puerto Rico na visiwa vya Cayman. Hakuna hata mmoja aliyebaki. Wanajulikana kwa mifupa inayookotwa mapangoni.

Msomaji makini atapinga: Unguja si Krismasi. Meli zimefika hapa kwa zaidi ya miaka elfu moja, panya wa melini ni wakazi wa zamani, na sange bado yupo. Ni kweli, na ndiyo sababu barua hii ina matumaini. Sange ameshinda jaribio ambalo wengine walishindwa. Lakini alilishinda akiwa na msitu mpana wa kukimbilia. Sasa msitu unapungua, huku paka koko wakiongezeka nyuma ya majiko ya mahoteli yaliyojengwa ukingoni mwake, na mbwa koko wakifuata majalala yanayosogea kila mwaka.

Ombi: kila hoteli na mgahawa ulio jirani na msitu wa hifadhi uwe na majalala yaliyofunikwa, na uchangie gharama za kufunga uzazi paka na mbwa wa eneo lake, kama sharti la leseni. Mafia, ambako ujenzi wa hoteli haujafika ulipofika wa Unguja, sharti hilo lianze leo, kabla halijawa ugomvi.

Itasemwa fedha hazipo. Mbao za malango, vijana wa kung'oa vitanzi na kamera chache ni gharama ndogo kuliko ya kongamano moja. Na itasemwa kuwa watu hawawezi kumpenda mnyama asiyeonekana. Jibu liko Pemba. Mwishoni mwa miaka ya 1980 popo wa Pemba alikuwa ukingoni kabisa mwa kutoweka, mnyama wa usiku, asiye na sura ya kupendwa. Wanavijiji wakaunda vikundi vya kumlinda, kama kile cha Kidike, na hesabu za miaka ya 2000 zikapita popo 20,000. Walioanza wakiwa na mnyama wa kuogopwa walifika huko. Nyinyi mnaanza na mwenye pua ya mkonga, koti la rangi ya kutu na nyeusi, na ukoo wa tembo.

Mwandishi wa barua hii anaomba jibu la maandishi kwa kila moja ya maombi sita, likisema litafanywa lini na nani, au halitafanywa kwa sababu gani. Jibu lisomwe hadharani, katika kikao cha wazi cha vijiji vinavyopakana na Jozani, na katika kikao kama hicho huko Mafia, kabla ya masika yajayo. Wasasi waalikwe, wachoma chokaa waalikwe, walimu waje na wanafunzi wao. Kikao kianze alfajiri kwa matembezi mafupi msituni, majani yakiwa bado na umande, saa ambayo sange hutengeneza kitanda chake. Ajenda nyingine zinaweza kusubiri hadi baada ya chai.

Wasalaam.